Mgeni ajaribiwe papo hapo, bila funguo

Saa 4 usiku, Kondele, Kisumu. Binti mmoja wa chuo anatuma mchango wake wa kwanza kwenye mradi wa programu huria: mistari 6 tu ya msimbo, ya kurekebisha tarehe zinazotanguliza mwezi badala ya siku. Anachokiona baada ya hapo ni nukta ya njano na maelezo kwamba majaribio yanasubiri idhini ya mtunzaji wa mradi. Mtunzaji anajitolea, na mradi anaupitia akipata nafasi. Siku ya 4 nilimuuliza binti amefikia wapi. Alikuwa amekwisha kata tamaa.

Nukta ile ina historia. Mchango ukifika, mashine huiunda programu upya na kuipitisha kwenye majaribio yote bila mtu kugusa kitu. Lakini kuijaribu programu ya mgeni ni kuiendesha, na faili inayoeleza namna ya kuiunda inaweza kuiamuru kompyuta ifanye lolote. Wajanja wakaanza kutuma michango bandia ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa kompyuta za wenzao. Travis CI, iliyokuwa ikijaribu miradi huria bure, ilibana huduma hiyo Novemba 2020. Aprili 2021 GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya programu, nayo ikaweka sharti: anayechangia mradi kwa mara ya kwanza asubiri mtunzaji aridhie ndipo mashine iwashwe.

Wanaolitetea sharti hilo wana hoja nzito. Karibu na mashine ya majaribio mara nyingi hukaa funguo, yaani maneno ya siri ya kutolea matoleo mapya. Mgeni akizifikia, anaweza kuwapelekea watumiaji wote toleo lenye sumu. Huku kwetu magharibi mwa Kenya hilo si jambo la mbali. Mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ndio uliofungua njia ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, mwaka 2004, na kliniki nyingi za Kenya leo zinategemea programu iliyojengwa juu yake. Siwezi kumlaumu mtunzaji wa mradi kama huo akiwa mwangalifu.

Ila tujiulize sharti linamzuia nani. Mwenye nia mbaya hurekebisha herufi moja kwenye maelezo, mchango ukakubaliwa, na tangu hapo yeye si mgeni tena. Aliyejiita Jia Tan alijenga imani kwenye mradi wa xz, programu ya kubana faili, kwa zaidi ya miaka 2 hadi akawa mtunzaji, kisha akaificha sumu ndani ya faili za majaribio zenyewe. Aliyeifichua, Machi 2024, ni mhandisi wa programu Andres Freund, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde hivi.

Anayezuiwa kweli ni yule binti. Mtasema aijaribu kwenye kompyuta yake. Mradi wa lugha ya Java kama OpenMRS, ukiuunda kwa mara ya kwanza, Maven, chombo cha kuuundia, hushusha mtandaoni maktaba za msimbo moja baada ya nyingine. Nimemtazama kijana akikodolea macho mistari ikipanda kwenye skrini, bando likakata kabla ya mwisho, akatoka kwenda dukani kununua jingine. Mchango wenyewe ni kilobaiti chache tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mgeni ajaribiwe mara moja, kwenye kompyuta ya muda inayofutwa kazi ikiisha, bila funguo yoyote, na kwa dakika chache zisizomlipa mchimba sarafu. Kwa kawaida GitHub haiupi mchango wa mgeni siri za mradi. Hatari hurudi pale mtunzaji anapochagua njia nyingine, iliyoletwa 2020, inayoendesha majaribio kwa mamlaka ya mradi wenyewe. Hapo idhini iwepo, na iwepo pia kwa mradi unaotumia kompyuta zake wenyewe, maana huko mgeni anaingia kwenye mtandao wa ndani wa mradi huo. Gharama ya dakika hizo ipo, na miradi midogo itaihisi. Naona inafaa kulipwa.

Mtunzaji alibonyeza idhini siku ya 9. Majaribio yote yalipita kwa dakika 7. Binti alikuwa ameshaifuta nakala ya mradi ili apate nafasi kwenye diski.