Nne au sita? Slemu inayotugawa mezani Malindi

Jioni moja barazani, hapa Malindi, mwenzangu wa briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, mwalimu mstaafu, alifungua mnada kwa shupaza moja. Katika mnada unaahidi utakula mara ngapi zaidi ya sita, na rangi ya turufu. Mimi nilishika karata nne za shupaza na ree mbili. Tukapanda hadi shupaza nne, yaani ahadi ya kula mara 10, tukanyamaza. Alipocheza, alikula mara 12 kati ya 13.

"Mwalimu, ile ilikuwa sita," nikamwambia.

"Nne tumezipata, mwanangu. Ya nini kuzihatarisha?"

Hoja yake si ya woga. Tuliyokwisha kupata ni mali, na slemu, yaani ahadi ya kula 12 (ndogo) au zote 13 (kubwa), ikivunjika hata kwa moja tu, yote yanakwenda. Lakini tupige hesabu. Tukiwa katika hali ya hatari, ambapo tuzo na adhabu huwa kubwa, shupaza nne zikila 12 hutupa alama 680. Tungenadi sita tungepata 1430, yaani 750 zaidi. Tukikosa moja, tunapoteza 100 badala ya kupata 650 za shupaza nne zikila 11: hasara ni 750 vilevile. Kwa hiyo slemu ndogo inahitaji uwezekano wa kufaulu mara moja kati ya mbili tu. Anayesubiri uhakika anaacha alama mezani kila wiki.

Slemu kubwa, ya kula zote 13, ni habari nyingine, na hapo nasimama na Mwalimu. Ukifaulu unaongeza 750 zilezile, ila ukikosa moja unatupa 1530 nzima. Uwe na uhakika wa mara mbili kati ya tatu, la sivyo tulia kwenye sita.

Kinachomtisha zaidi, na ana haki, ni lile swali la bila turufu nne alilolibuni Mmarekani Easley Blackwood mwaka 1933. Unauliza, mwenzako anajibu ana ree ngapi: pau tano ni hana, uru tano ni moja, kopa tano ni mbili. Jibu linahesabu ree, halisemi ni za rangi gani. Mnaweza kuwa na ree tatu kati ya nne, mkapanda hadi sita kwa furaha, kumbe uru hamna ree wala mfalme. Wapinzani wanaanza na uru, wanakula mara mbili, na slemu imekufa kabla hamjagusa turufu. Nimeona hivyo mara nyingi, na kila mara swali lilitangulia mahali ambapo halikufaa.

Dawa ipo chini ya shupaza nne, na haigharimu kitu. Turufu ikishakubaliwa, kila mmoja anataja rangi anayoimudu, mathalani kwa ree au mfalme: pau nne, uru nne, kopa nne. Anayeruka rangi amesema hana kitu pale. Usiku ule kosa letu halikuwa kukataa sita. Tulifunga mnada bila kuambiana lolote, ilhali nafasi tatu za kuzungumza zilikuwa wazi.

Mwalimu amekubali tujaribu. Sharti lake ni moja: nikiruka uru naye hana, tunarudi nne, na simuulizi kwa nini.