Ami alisema nifunge

Ami yangu ana Land Cruiser pikapu ya zamani anaipenda kuliko watoto wake, na Idi pili sijui nini kilimpitia akanipa ufunguo niwapeleke kina shangazi Shanzu wakapunge upepo. Maagizo yake mafupi. "Ukifika mchangani shuka ufunge. Ukitoka ufungue. Basi."

Sasa mimi nina shangazi watatu, watoto sijui wangapi nyuma, mikeka, madumu ya maji na sufuria ya pilau ile ya harusini, nikiambiwa kufunga nafikiria nini? Kamba! Lami ilipoisha nikashuka kama mtu mwenye akili zake, nikaifunga sufuria mafundo manne, mpaka shangazi mkubwa akanisifu ati kijana ametulia. Nikarudi ndani nikavuta kile kigia kidogo toka H2 (tairi mbili za nyuma ndo zinasukuma) mpaka H4 (zote nne), kitaa kikawaka, nikatangaza "saa hizi tuko fowili, hapa tunaenda mpaka Lamu kwa ufukweni."

Tulienda kama hatua ishirini hivi.

Gari ikagoma, nikakanyaga mafuta, ikazama, nikakanyaga tena ndo ikazama vizuri. Tairi za nyuma zinarusha mchanga hadi kwenye pilau, shangazi analia "yarabi, bizari gani hii!", na maji nayo yashaanza kujaa. Nikatia L4, ile nzito yenye nguvu. Nikachimba kisima.

Kulikuwa na mzee mvuvi ameketi kwenye ngalawa yake anashona nyavu, muda wote ananitazama tu. Akaja polepole. "Mwanangu, mbona miguu ya mbele imelala?" Nikamjibu kwa adabu, mzee nimeweka fowili, taa ile inawaka. "Taa naiona. Habu umefunga?"

Habu?

Kumbe wallahi katikati ya tairi za mbele kuna kidude cha duara unakizungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE hata uvute kigia mpaka king'oke, vyuma vinazunguka huko ndani na tairi hazina habari. Ndo kufunga kwenyewe kule alikosema Ami!

Upande wa kulia nikafunga, wa kushoto umefukiwa, nikasema moja inatosha. Nikawasha, wapi. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu, akanieleza difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi ya kulia na ya kushoto, hupeleka nguvu kwenye upande mwepesi, na ule uliobaki FREE ndo mwepesi, basi ule uliofungwa unabaki umeduwaa tu. Labda ingekuwa na difuloki mbele, kile cha kuifunga difu tairi zote mbili zizunguke pamoja, lakini Ami anunue difuloki, Ami huyu ninayemjua mimi? Nikachimba na sinia ya pilau mpaka nikakipata kidude cha kushoto, nikafunga, halafu tukapunguza upepo kwenye tairi zote nne zitambae juu ya mchanga (kina shangazi walikuja kuupunga, tukaishia kuupunguza), nikatia L4 gia ya pili bila papara, gari ikatoka kama haikuwa yenyewe.

Jioni tumefika lami, nimerudisha H4, shangazi mkubwa anauliza "Ami yako alisema ufungue, umefungua?" Nikageuka, sufuria tupu, kamba haipo. Nikasema tayari.

Barabarani nikaona usukani mzito, nikasema ni tairi hazina upepo. Nikakata kona kuingia petroli stesheni kule Bamburi nikajaze, mama yangu, tairi zinalia, gari inaruka kama chura, na kigia nikivuta kirudi H2 hakitoki. Kwenye kona tairi za mbele zinazunguka safari ndefu kuliko za nyuma, na ukiwa umeziunganisha kwa fowili mchangani zitateleza yaishe, kwenye lami zinavutana tu huko ndani. Kijana wa pampu akanambia rudi nyuma kidogo. Nikarudi kama hatua mbili, kigia chenyewe tak! kikatoka.

Nyumbani Ami hata salamu hakuitikia, alichuchumaa moja kwa moja kwenye tairi ya mbele, akapangusa mchanga kwa kidole, akasoma. LOCK. Akaenda ya pili. LOCK.

"Nilikwambia nini?"

"Nikitoka nifungue."

"Umefungua?"

Shangazi mkubwa kutoka kule nyuma, "Msimuonee mtoto, kafungua, kamba hii hapa nimeikalia!"