Mbwa kafe mbona rahisi, kazi iko Coco

Huu ubishi wa mbwa kuruhusiwa kwenye makafe na sehemu za watu, kila ukiibuka hapa Dar unagawa watu kwa mitaa kabla hata hoja hazijaanza, yani mtu wa Masaki na mtu wa Magomeni wanabishana kuhusu mnyama mmoja lakini kichwani kila mtu ana mbwa wake. Wa Masaki anamuwaza yule mwenye kola, ana jina, anaogeshwa kwa shampuu, ana kadi ya chanjo na daktari anayemjua. Wa Magomeni anamuwaza mbwa koko aliyejilaza pembeni ya dampo, au yule wa nyuma ya geti lililoandikwa MBWA MKALI, ambaye mchana kutwa yuko bandani, usiku anafunguliwa, na toka mdogo kazi aliyofundishwa ni moja tu, kumchukia kila asiyemjua. Sasa huyu wa pili ukimwambia mbwa anataka kukaa meza ya jirani wakati yeye anakunywa chai na chapati, lazima aone umechanganyikiwa.

Na wala sio jambo linalokuja, lipo tayari. Kuna makafe kule Peninsula ya Msasani mbwa wanakaa chini ya meza za nje na hakuna anayeshtuka. Kwahiyo swali la "waruhusiwe au wasiruhusiwe" limeshachelewa kidogo, swali zuri ni wapi, kwa masharti gani, na nani anabeba usumbufu.

Nianze na wanaokataa maana mara nyingi wanaitwa washamba, na mimi hilo silikubali. Mtu aliyekulia Dar akiogopa mbwa hajaogopa hewa, amefundishwa na mbwa wenyewe. Umetumwa dukani una miaka nane, unapita uchochoro, ghafla kuna kitu kinakuja mbio hakina kamba wala mwenyewe, utampenda saa ngapi? Halafu juu ya hapo kuna kichaa cha mbwa, na huu ni ugonjwa ambao dalili zikishaanza ni karibu kifo cha uhakika, hakuna dawa ya kurudisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 59,000 wanakufa nao kila mwaka duniani, karibu wote wameupata kwa mbwa, na kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni watu 1,500 hivi kwa mwaka. Waathirika wakubwa ni watoto, tena wengi vijijini ambako sindano za kinga za kuchomwa ukishaumwa ziko mbali na nauli haipo. Ukiwa na namba kama hizo nyumbani kwako huwezi kuongea kuhusu mbwa kama anavyoongea mtu wa London, hata mkiwa mnamuongelea mbwa yule yule.

Lakini hapo hapo hoja inaanza kuyumba. Maana mbwa anayeletwa kafe kwa kamba ndiye mbwa mwenye chanjo kuliko wote mjini. Anayetishia mtoto wa Mbagala sio huyo, ni yule asiye na mtu, au mwenye mtu ambaye hajawahi kumpeleka kwa afisa mifugo hata siku moja. Wataalamu wanasema ukichanja kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo na ukarudia ugonjwa unakatika wenyewe, na wala sio nadharia ya Ulaya, Pemba hapo kampeni za chanjo ziliufukuza, ukarudi, ukafukuzwa tena. Sasa ukimzuia mbwa wa kamba kuingia kafe kwa sababu ya kichaa cha mbwa unakuwa umefunga dirisha mlango uko wazi. Hoja ninayoikubali hapa ni ndogo zaidi, kwamba mimi nikiwa pale sina namna ya kujua huyu kachanjwa na yule hajachanjwa, kwahiyo mwenye mbwa aje na kadi na mwenye kafe aiombe bila aibu. Basi.

Hoja ya usafi ndio dhaifu kabisa, samahani. Sisi tunakula kwa mama ntilie paka akizunguka chini ya benchi anasubiri mifupa ya samaki, kuku anadonoa punje za wali karibu na mguu, nzi ndio usiseme, na hakuna aliyewahi kusimama kuita afisa afya. Hata huko wanakotajwa kama mfano hawajaruhusu kiholela. Kanuni ya usafi wa chakula ya Umoja wa Ulaya ya 2004 inataka mnyama wa kufugwa asifike sehemu chakula kinapoandaliwa, kinaposhikwa au kuhifadhiwa, yani jikoni hapana, pale wateja wanapokaa ni habari nyingine. Uingereza vile vile, upande wa wateja kuamua ni kwa mwenye biashara, ndio maana baa moja utamkuta mbwa kalala karibu na moto na ya pili kuna tangazo la kumkataza.

Ila paka na mbwa kwetu sio sawa, na hapa ndio kwenye kiini ambacho watetezi wengi wa mbwa hawakigusi au wanakigusa kwa dharau. Dar ni mji wa pwani na Waislamu wake wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito, akigusa chombo kwa mate kinaoshwa mara saba moja ikiwa kwa udongo. Paka hana shida hiyo. Na kuna kipengele cha muhimu sana, kama mbwa ni mkavu na wewe mkavu najisi haihami, kinachohamisha ni unyevu, mate, pua, manyoya yaliyolowa. Waliosoma watakwambia pia kwamba Wamaliki, madhehebu mengine ya Kiislamu, wanaona mbwa aliye hai ni twahara, yani sio najisi, na kwamba kuna hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, kwahiyo dini haijawahi kuwa ruhusa ya kumpiga mawe mbwa wa watu kama wanavyofanya watoto wetu. Sawa, lakini huwezi kumhamisha mtu madhehebu ili wewe unywe kahawa na mbwa wako.

Nilishakaa kafe moja kule Peninsula, meza ya pembeni kuna jibwa la kahawia limelaza kichwa juu ya kiatu cha bosi wake, limetulia kuliko watoto wangu wote. Dada mhudumu, kajifunga mtandio wake vizuri, analeta trei, akafika usawa wa mbwa akasita, akazunguka meza nzima apitishe vikombe upande wa pili, mkono mmoja trei mwingine kaibana sketi isipepee. Mbwa akanyanyua shingo akanusa pindo. Ile pua unaijua, imelowa. Mwenye mbwa akamwambia kwa upole kabisa, "usiogope dada, haumi huyu". Dada akatabasamu lile tabasamu la kazini, akaweka vikombe, akaingia ndani moja kwa moja mpaka kwenye sinki.

Kwani kuna aliyeuliza kama anauma? Yule dada alikuwa anawaza sala ya alasiri na hiyo sketi. Na ndio kosa la mjadala wetu wote, tunaubishania sisi wateja, anayependa mbwa na asiyependa, wakati mteja ndiye mtu mwenye uhuru kuliko wote pale, hapapendi anaondoka anaenda kafe ya mbele. Mhudumu haondoki. Akilalamika ataambiwa hana "customer care", nafasi yake kuna foleni ya watu wanaitaka. Mlinzi wa getini naye vile vile, yule yule aliyeagizwa asimruhusu mmachinga wala mtoto wa karanga kuingia, anatakiwa ampokee mbwa kwa heshima, na usishangae akienda kuhadithia mtaani kwake kwa uchungu.

California walipotunga sheria ya kuruhusu mbwa kwenye meza za nje za migahawa, iliyoanza kutumika 2015, waliweka masharti ambayo nayapenda: mbwa asipite ndani, awe kwenye kamba, asipandishwe kwenye kiti, na mhudumu asimguse mbwa wakati anahudumia chakula. Wao walikuwa wanawaza usafi tu, sisi sharti hilo la mwisho tungelichukua tukalipindua kidogo, mbwa ndiye asimguse mhudumu, yani afungwe upande wa ukutani sio njiani anapopita mtu na trei. Na mwenye kafe akitaka kufungua milango kwa mbwa aanze kuwauliza wafanyakazi wake faragha, na anayetaka kuajiriwa aambiwe mapema. Tangazo likae getini kwa Kiswahili, sio kile kibandiko cha nyayo peke yake ambacho nusu ya mji haijui kinamaanisha nini. Ukishafanya hayo mimi sina neno, ni biashara yako, anayetaka ataingia.

Mbwa wa kumuongoza kipofu simuweki kabisa kwenye ubishi huu. Marekani mbwa wa huduma anaingia karibu kila mahali pa umma kwa sheria (hata farasi wadogo wameruhusiwa kwa masharti, wacha we), na hapa kwetu ambako mara nyingi kipofu tunamuona akishikwa mkono na mtoto ambaye alitakiwa awe darasani, siku mmoja akija na mbwa aliyefundishwa naomba apishwe apite bila maswali.

Kwahiyo kafe kwangu ni rahisi. Kazi iko Coco Beach. Pale hakuna mwenye nyumba wa kuweka tangazo, hakuna kafe ya mbele ya kukimbilia, ni ufukwe wa wote na kwa familia nyingi ndio sehemu pekee ya bure ya kupelekea watoto Jumapili. Jioni pamejaa, mihogo inakaangwa, watoto wamelowa mchanga mwili mzima, halafu anatokea mtu kafungua kamba mbwa wake "akimbie kidogo", mbwa anaingia baharini anatoka anajikung'uta katikati ya mikeka ya watu. Mbwa hana kosa, ndivyo alivyo. Ila hapo umewalowesha watu ambao hawakuchagua chochote, kuna aliyekuja na kanzu yake anataka kusali magharibi pembeni, kuna mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka jana, na kinyesi nacho kinabaki kwenye mchanga wanaochezea wengine.

Kumfungia mbwa moja kwa moja asifike ufukweni naona ni kuonea, mwenye mbwa naye ni mwananchi na mbwa anayetembezwa anakuwa mpole kuliko anayefungiwa bandani. Kinachowezekana ni saa. Alfajiri mpaka saa mbili asubuhi mbwa wawe na ufukwe wao, wanaokimbia mazoezi na wavuvi wameshazoea, baada ya hapo kamba muda wote, na Jumapili jioni hapana. Mfuko wa kinyesi mkononi, sio dada wa kazi ndio aokote.

Swali nililobaki nalo ni msimamizi. Manake akiwekwa mgambo, huyu tunayemjua kwa kukimbizana na wamachinga, mbwa koko atashughulikiwa siku ya kwanza tu, hilo sina wasiwasi nalo. Nasubiri siku atakayomsimamisha mwenye V8 na jemani shepadi wake saa kumi na mbili jioni.