Gert Westphal hakuwa sauti tu

Mjerumani akimtaja Gert Westphal leo, kwa kawaida anazungumzia sauti: yule bwana aliyesoma riwaya za Thomas Mann na Theodor Fontane saa baada ya saa, hadi akabandikwa jina la mfalme wa wasomaji. Sifa hizo ni haki yake. Ila zimeifunika kazi ambayo mimi naiona kubwa zaidi, nayo ni miaka 11 ya kuongoza idara za michezo ya redio, pamoja na santuri chache za mashairi na jazz alizozitoa baada ya hapo.

Alizaliwa Dresden mwaka 1920, na baada ya vita akapanda jukwaani Bremen. Mwaka 1948 Radio Bremen ilimkabidhi idara yake ya michezo ya redio. Mwaka 1953 akahamia kituo cha redio cha Südwestfunk huko Baden-Baden, akakaa mpaka 1959, kisha akarudi kwenye uigizaji wa jukwaani, safari hii Zürich. Akiwa bado Baden-Baden ndipo alipoongoza, kwa kituo cha Hamburg, mchezo wa redio "Die Zikaden" wa Ingeborg Bachmann (1955), muziki ukiwa wa Hans Werner Henze.

Ndani ya Südwestfunk alimkuta Joachim-Ernst Berendt, aliyeongoza idara ya jazz kuanzia 1950 hadi 1987. Bendi kubwa ya Kurt Edelhagen nayo ilikuwa ikipigia kituo hichohicho kati ya 1952 na 1957. Tusisahau walikotoka: Oktoba 1935 Eugen Hadamovsky, mkuu wa utangazaji chini ya Hitler, alikuwa ameipiga marufuku jazz kwenye redio ya Ujerumani, na baba yake Berendt, mchungaji wa Kiprotestanti aliyeupinga utawala ule, alifia kwenye kambi ya mateso ya Dachau mwaka 1942. Kuiweka jazz ubavuni mwa shairi la Kijerumani haikuwa mbwembwe.

Kulikuwa pia na sababu ya kimitambo, ambayo wanaoandika kuhusu sanaa huiruka. Mpango wa mawimbi uliokubaliwa Copenhagen mwaka 1948 uliwanyima Wajerumani masafa mengi ya mawimbi ya kati, wakalazimika kukimbilia FM mapema, kuanzia 1949. Mawimbi ya kati hupitisha sauti hadi takriban herzi 4,500. FM hufika 15,000. Katika nafasi hiyo ya juu ndimo zinamokaa "s" na "f" za mnong'ono, na ndimo unamokaa mlio wa matoazi. Kwa hiyo mwigizaji alipata ruhusa ya kunong'ona wakati uleule ambao mpiga ngoma alianza kusikika sawasawa.

Matangazo ya stereo yalikuja Ujerumani mwaka 1963 tu. Kabla ya hapo hakukuwa na kushoto wala kulia. Kulikuwa na karibu na mbali. Mwigizaji akisimama sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni, msikilizaji anahisi anasemeshwa sikioni. Kwenye mita 1 anaongea na mwenzake. Kwenye mita 3 yuko upande wa pili wa chumba, na kuta zimeanza kusikika. Hapo ndipo wengi huharibu: fundi anampandisha sauti aliye mbali ili maneno yasipotee, mwangwi wa kuta unapanda naye, na sebule ya watu wawili inasikika kubwa kama ukumbi. Dawa ni kumsogeza mwigizaji au kuzungusha mapazia mazito. Mitambo iachwe ilivyo.

Halafu kuna utepe wa sumaku uliorekodia sauti. Utepe wa studio ulikimbia sentimita 76 kwa sekunde, baadaye 38. Kwa kasi ile ya kwanza, mita 1,000 ziliisha kwa takriban dakika 22, maana yake mchezo wa saa moja ulikula karibu kilomita 2.7. Mafundi wa Ujerumani waliuviringisha kwenye kitovu kitupu kisicho na kingo za pembeni. Ukiunyanyua vibaya, katikati inachomoka na utepe wote unamwagika sakafuni kama tambi.

Faida yake ni kwamba muda ulipimika kwa rula. Kwa kasi ya sentimita 76, pumzi ya nusu sekunde ni sentimita 38. Jazz ya mapigo 120 kwa dakika ina pigo moja kila nusu sekunde, yaani sentimita 38 zilezile, na mapigo manne ni mita 1 na sentimita 52. Mhariri akiondoa sentimita 30 kwa sababu msomaji amekohoa juu ya muziki, sentensi itabaki nzima lakini pigo litajikwaa, na msikilizaji atakereka bila kujua kwa nini. Ni lazima atoe pigo zima, au aache kikohozi. Mahali salama pa kukata ni kabla tu ya pigo la besi au la ngoma, kwa sababu kishindo hufunika kiungo. Ukikata toazi likiwa linafifia, hata asiyejua muziki atasikia. Mkasi uwe wa metali isiyoshika sumaku, la sivyo kila kiungo kitatoa "tik". Mkato uwe wa mshazari: kwenye utepe wa milimita 6.25, mshazari wa nyuzi 45 huzipokezanisha sauti mbili kwa takriban milisekunde 8, na sikio linapita bila kushtuka. Kazi hii ya mkasi kwa sehemu kubwa ilifanywa na wanawake, na ni nadra kuwakuta wakisifiwa.

Mtu aliyelelewa na hesabu hizi ndiye Berendt aliyemtaka kwa mradi wake wa "Lyrik und Jazz", yaani mashairi na jazz. Mwaka 1960 Westphal alisoma mashairi ya Gottfried Benn pamoja na muziki wa Dave Brubeck Quartet na wa wapiga tromboni J. J. Johnson na Kai Winding. Mwaka 1964 ikafuata ya Heinrich Heine, na kundi la mpiga gitaa Attila Zoller.

Ya Heine naiweka juu, wala si kwa mapenzi tu. Noti ya gitaa hupigwa kisha hufa, ikiacha upenyo wa konsonanti kupita. Tromboni hushikilia noti palepale inapokaa sauti ya mwanamume; zikilia pamoja, moja itaimeza nyingine, kwa hiyo heri zipokezane. Na beti fupi za Heine, zenye vina na kejeli, zinavumilia kukatizwa kuliko mistari mizito ya Benn.

Siafikiani kabisa na desturi ya kuishusha jazz chini ya maneno kisha kuipandisha msomaji akinyamaza. Mpiga solo, yaani anayetamba peke yake, naye ana sentensi yake. Ukimzima katikati umemfanya zulia. Mwache amalize, au asianze. Vilevile msomaji asilifuate pigo: silabi zikigonga pamoja na ngoma, shairi linageuka wimbo wa chekechea.

Mwaka 1968, Westphal akiwa ameshaondoka, Südwestfunk ilitoa mchezo wa redio "Fünf Mann Menschen" wa washairi Ernst Jandl na Friederike Mayröcker, ukiongozwa na Peter Michel Ladiges: takriban dakika 15, sauti tano za wanaume zilizopangwa kwenye stereo. Jandl alikuwa mpenzi mkubwa wa jazz, na miaka ya 1980 alirekodi mashairi yake na wanamuziki wa jazz. Zisikilize kazi hizi kwa mpangilio: Benn, Heine, kisha Jandl. Mbili za kwanza zisikilize kwa spika moja, sauti ikiwa chini, uone ni maneno mangapi yanapotea.