Kabla fundi bomba hajaanza kazi, angalia vichwa vya mashine yake

Bomba la PPR, yaani la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa, likivuja ndani ya ukuta, lawama huenda kwa bomba. "Feki hilo," tunasema, na duka lililoliuza linatukanwa. Bomba feki lipo, sikatai. Lakini mimi huiangalia kwanza mashine iliyounganisha, na kwenye mashine naangalia vile vichwa viwili vinavyopashwa moto, dume na jike.

Vichwa hivyo kwa kawaida ni vya alumini iliyopakwa Teflon, ileile ya vikaango visivyogandisha. Mashine hufanya kazi kwenye nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la milimita 20 hukaa kichwani sekunde 5 tu, la 32 sekunde 8, kisha linachomolewa na kusukumwa ndani ya fitingi (kiunganishi cha plastiki, nacho kimepashwa moto kwenye kichwa cha pili) bila kuzungushwa. Kwa muda huo mfupi plastiki inatakiwa ilainike sawasawa pande zote, kisha iachie kichwa bila kubakiza chochote. Teflon ikishakwanguka, haiachii. Utaona nyuzinyuzi zikivutika bomba linapotoka, na kichwani panabaki utando unaoungua ukawa wa kahawia, halafu mweusi. Kiungo kinachofuata kinabeba masizi hayo. Kwa nje kinapendeza, pete zake za plastiki iliyoyeyuka zimekaa vizuri. Ndani kuna mahali ambapo plastiki haikushikana, na presha ya maji itapafikia tu, hasa kwenye laini ya maji ya moto.

Kinachoniumiza ni namna vichwa hivi vinavyosafishwa. Kisu, msasa, brashi ya waya, hata ncha ya bisibisi! Kila mkwaruzo unaongeza pa kunatia, kwa hiyo kesho fundi atakwangua zaidi. Kuchoma uchafu kwa moto wa gesi ni kubaya zaidi: Teflon huyeyuka kwenye nyuzi 327, na moto huo unapita hapo kwa mbali. Moshi wake nao hudhuru mapafu.

Njia sahihi haina gharama. Kichwa kikiwa bado cha moto, vaa glovu, ukifute kwa kitambaa kikavu cha pamba, kila baada ya kiungo. Cha nailoni au poliesta kitayeyukia hapohapo. Kilichoganda kisukume kwa kijiti cha mbao. Vumbi na mafuta subiri mashine ipoe, ndipo ufute kwa spiriti. Kaza pia skrubu ya vichwa, maana themostati, kifaa kinachodhibiti joto, inapima joto la bamba linalopasha vichwa; kichwa kilicholegea kinaweza kuwa na joto pungufu huku taa ikikuambia tayari. Na mashine isitupwe kwenye boksi moja na spana.

Vichwa vinauzwa peke yake, si lazima ununue mashine nzima. Kwa hiyo simlaumu fundi peke yake. Kontrakta anayemdai viungo vingi kwa siku halafu akakataa kununua vichwa vipya ndiye anayejenga uvujaji huo.

Wewe mwenye nyumba omba kuviona. Alumini ikionekana chini ya Teflon, vibadilishwe kwanza. Kisha mwombe fundi aunganishe kipande cha majaribio na akipasue kwa msumeno, kwa urefu. Mpaka kati ya bomba na fitingi haupaswi kuonekana.