Doria za Rungwa alipe nani?

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi, mazungumzo mengi hapa Dodoma yalikuwa juu ya dawa za kufubaza VVU na ajira za watumishi wa miradi ya afya. Ilikuwa haki iwe hivyo. Wanyamapori walitajwa kwa mbali tu, ilhali nao walikuwamo: mradi wa Tuhifadhi Maliasili, uliokuwa ukishughulikia shoroba za wanyamapori na vijiji vinavyopakana nazo, ulikuwa wa USAID. Miezi miwili kabla ya misaada hiyo kusimamishwa, Novemba 2024, Benki ya Dunia ilikuwa imeufuta mradi wa REGROW wa dola milioni 150, uliolenga utalii na hifadhi za kusini, Ruaha ikiwa mojawapo.

Fedha hizo mbili hazikuondoka kwa sababu moja. Ya kwanza iliondolewa kwa uamuzi wa Washington ambao hakuna Mtanzania aliyeulizwa. Ya pili iliondoka baada ya wanavijiji wa kwetu kulalamika kwamba askari wa hifadhi wameua na kutesa watu, na kwamba wakazi wanasukumwa watoke kwenye ardhi yao, madai ambayo serikali iliyakanusha. Swali linalobaki ni moja: doria, upelelezi na kesi za ujangili zilipiwe na nani?

Naliuliza nikiwa katikati ya nchi, na mahali pana uzito wake. Serengeti na Ngorongoro zina mageti yenye foleni ya magari ya watalii. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, upande wa Manyoni na Itigi, hayana foleni hiyo. Swagaswaga na Mkungunero, kule Chemba na Kondoa, ndiyo kabisa. Ni nchi ya vichaka vya miiba, mbung'o, maji ya shida na barabara za mchanga zinazokatika mvua zikianza. Mtalii wa kawaida hafiki huko. Jangili anafika.

Wanaotetea fedha za wafadhili wana hoja nzito, na ya kwanza ni historia. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo karibu 110,000. Sensa ya 2014 ilikuta wamebaki kama 43,000. Katika eneo la Ruaha na Rungwa walihesabiwa takriban 20,000 mwaka 2013, kisha takriban 8,300 mwaka mmoja baadaye. 2015 eneo likahesabiwa upya na wakapatikana kama 15,800. Tofauti hiyo ilizua ubishi mkubwa, na haukuwa wa kitaaluma peke yake, maana idadi ya tembo ndiyo huamua nani apewe fedha na nani aitwe kujieleza. Lakini hata ukichukua hesabu yenye matumaini zaidi, taifa lilikuwa limepoteza zaidi ya nusu ya tembo wake ndani ya miaka 5.

Kilichosaidia sana kugeuza hali ni upelelezi. Kikosi kazi cha taifa dhidi ya ujangili kiliacha kumkimbiza mwenye gobole peke yake, kikaanza kufuata mlolongo mzima: dalali wa kijijini, dereva, mwenye ghala, mnunuzi wa Dar es Salaam. Kikosi hicho kilikuwa kikisaidiwa na PAMS Foundation, shirika lililotegemea michango ya wahisani. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, raia wa China aliyeishi nchini kwa miaka mingi, kifungo cha miaka 15 pamoja na Watanzania wawili, kwa kesi iliyohusu vipande 860 vya meno ya tembo. Kabla ya hukumu hiyo, Agosti 2017, mmoja wa waanzilishi wa PAMS, Wayne Lotter, alikuwa ameuawa kwa risasi Dar es Salaam. Watu wanaoifanya kazi hii wanahatarisha maisha yao, na haiendi kwa nia njema bila fedha.

Hoja yao ya pili ni ya haki. Mnunuzi wa meno ya tembo hakuwa mkulima wa Manyoni. Soko lilikuwa Asia, na China ilipofunga biashara halali ya meno ndani ya mipaka yake mwishoni mwa 2017, faida iliyokuwa ikiwavuta wasafirishaji nayo ikapungua. Kama uchu unatoka nje, kwa nini gharama ya kuuzuia ibebwe na nchi ambayo bado inahangaikia madawati na zahanati? Naikubali hoja hii kuliko wengi ninaobishana nao. Anayefadhili ulinzi wa tembo wetu hatupi sadaka. Analipa sehemu ya deni.

Upande wa pili nao haupuuziki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwaka 2025 tumeyaona. Fedha ya mradi ina mwanzo na mwisho, na kalenda yake inapangwa kwingine. Doria haina mwisho. Zaidi ya hapo, mfadhili hupenda kulipia kinachoonekana: gari lenye nembo ubavuni, ndege ndogo, semina. Tairi za gari hilo mwaka wa nne hakuna anayetaka kuzinunua, wala dizeli ya Februari, wala maturubai ya kambi yaliyochanika. Kisha kuna suala la taarifa za siri. Anayewalipa watoa taarifa ndiye anayeyajua majina yao, na nchi yoyote ina haki ya kutotaka orodha hiyo ikae mikononi mwa taasisi isiyowajibika kwake.

REGROW hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba fedha za nje huwapa askari nguvu bila uwajibikaji. Hapa naona hoja imekwenda kombo. Operesheni Tokomeza ya kupambana na ujangili, iliyoanza Oktoba 2013, ilikuwa ya serikali yetu wenyewe, na ilisimamishwa baada ya wiki chache tu. Desemba 20 mwaka huo, ripoti ya Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli ilisomwa humu humu Dodoma. Ilisimulia vifo, mateso, mifugo kuuawa na wanawake kudhalilishwa. Mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao siku hiyo. Hakuna Benki ya Dunia iliyoiagiza Tokomeza. Kinachofanana kati yake na malalamiko ya Ruaha hakihusiani na fedha zilitoka wapi. Ni kwamba mwanakijiji hakuwa na mahali pa kumlalamikia askari na akasikilizwa mapema, kabla mambo hayajafika mbali. Tena kwa REGROW mahali hapo palikuwapo hatimaye, kwa sababu Benki ina jopo lake la ukaguzi linalopokea malalamiko. Kwa doria inayolipwa na Hazina, mfugaji aliyepigwa aende kwa nani? Kwa mkuu wa askari walewale?

Je, basi tujilipie? Tunajilipia kwa sehemu kubwa tayari, ila namna ya kujilipia ilibadilika mwaka 2020. Kabla ya hapo TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na Mamlaka ya Ngorongoro zilikusanya mapato yao na kuyatumia. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaelekeza mapato yao, pamoja na ya TAWA inayosimamia mapori ya akiba, yaingie Mfuko Mkuu wa Serikali, kisha taasisi zipokee mgao kwa bajeti. Waliotetea walisema mapato ya umma yapite mlango mmoja ambao Bunge na Mkaguzi Mkuu wanauona, badala ya taasisi yenye fedha nyingi kujipangia. Na mwaka huohuo corona iliwapa nguvu: watalii walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000 mwaka 2020. Taasisi inayoishi kwa mapato ya getini ingelipaje mishahara?

Wanaopinga wanajibu kwamba jangili hafuati mwaka wa fedha. Fedha za matumizi mengineyo zikichelewa robo moja, mshahara wa askari utaingia, lakini gari litalala kambini kwa kukosa mafuta, na askari asiye na gari kwenye pori la ukubwa wa Rungwa analinda kambi yake tu. Mimi naona kanuni ya mlango mmoja ni sahihi, ila ilikosa nusu ya pili. Kwenye barabara tulijua tangu zamani kwamba matengenezo hayasubiri, tukaweka tozo ya mafuta ikaenda moja kwa moja kwenye Mfuko wa Barabara. Uhifadhi nao una Mfuko wa Kuhifadhi Wanyamapori tangu miaka ya 1970. Chombo kipo. Kinachotakiwa ni sehemu ya mapato ya utalii na uwindaji itengwe kisheria kwa ajili ya mafuta, posho za porini na matengenezo, ifike kila mwezi, na ikaguliwe kama fedha nyingine yoyote.

Uwindaji naugusa kwa ufupi, kwa sababu huku kwetu ndio uliokuwa ukilipia mengi. Aprili 2014 Marekani ilizuia nyara za tembo waliowindwa Tanzania kuingizwa nchini mwake. Ilikuwa hatua ya kueleweka, kwa kuwa tembo walikuwa wanakwisha. Lakini wawindaji wengi wanatoka huko, na miaka iliyofuata vitalu vingi vya uwindaji vilirudishwa serikalini. Kitalu kisicho na mpangaji hakina gari linalopita kila siku wala barabara inayofyekwa. Nchi ileile ilizuia nyara kwa mkono mmoja na kufadhili uhifadhi kwa mkono mwingine, na sasa mkono wa pili nao umeondolewa.

Kuna eneo moja ambalo pande zote mbili hulisahau, nalo ni mahakama. Meno yakikamatwa saa nane usiku, kazi ndiyo inaanza. Lazima hati ya ukamataji ijazwe palepale na shahidi huru atie saini. Kila kipande kipimwe na kiwekwe alama. Afisa wanyamapori atoe hati ya thamani. Kila anayekipokea kielelezo, kutoka kwa askari hadi kwa mtunza vielelezo, aandikwe. Kwa kuwa nyara za serikali, kama meno hayo, huangukia sheria ya uhujumu uchumi, Mkurugenzi wa Mashtaka lazima atoe kibali na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka ya kusikiliza. Adhabu ni kubwa, miaka 20 hadi 30, kwa hiyo mahakama ina kila sababu ya kudai usahihi. Mahakama ya Rufani imewaachia huru si wachache kwa sababu kibali kilikuwa na kasoro au mnyororo wa vielelezo ulikatika. Fedha iliyonunua doria ya wiki 3 porini inapotea kwa karatasi moja. Kumfundisha askari wa Rungwa kujaza hati hiyo sawasawa ni rahisi kuliko ndege, na mafunzo yake hayaondoki mradi ukifungwa. Kama mfadhili ananiuliza aweke wapi fedha zake za miaka 3, nitamwambia hapo.

Na kijiji? Aprili, mtama unapoanza kujaza, watu wa pembezoni mwa Swagaswaga hawalali majumbani. Wako kwenye dungu shambani, wanagonga madebe, wanamulika tochi, wanachoma tofali la pilipili lililochanganywa na kinyesi cha tembo, na moshi wake unawasha macho ya mchomaji kabla haujamfikia tembo. Tembo wakipita, asubuhi mtu anakwenda kwa mtendaji, afisa kilimo anakuja kupima eka, fomu inajazwa, inakwenda halmashauri, kisha wizarani. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa eka, kutegemea umbali kutoka hifadhini, na mwisho wake eka 5. Aliyeuawa na mnyama, familia yake kifuta machozi cha shilingi milioni 1. Mwenye eka 2 za mtama hajiulizi kama hicho ni haki. Anajiuliza atakula nini hadi msimu ujao.

Mtu huyohuyo ndiye anayeona pikipiki ngeni ikipita usiku na gunia nyuma. Anajua ni nani kijijini amenunua betri na sukari nyingi kuliko mahitaji yake. Upelelezi wote niliousifu hapo juu unaanzia kwake, au hauanzi kabisa. Serikali inaweza kusema, na ina hoja, kwamba ikilipa fidia kamili kwa kila shamba Hazina haitatosha, na wengine watalima makusudi kwenye mapito ya tembo ili walipwe. Ndiyo maana ikaitwa kifuta jasho. Lakini kuna tofauti kati ya kulipa kidogo na kuchelewa kulipa. Malipo madogo mtu anaweza kuyavumilia. Yanayofika baada ya misimu miwili humfundisha kwamba tembo ni mali ya watu wengine. Vivyo hivyo askari wa wanyamapori wa kijiji, kijana anayetembea na filimbi na tochi, ambaye posho yake mara nyingi hutoka kwenye mradi. Mradi ukiisha, dalali anazijua njia zote anazozijua kijana huyo, na anamlipa kwa wakati.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Kisichoweza kusimama hata siku moja, yaani mafuta, posho, kifuta jasho na askari wa kijiji, kilipwe na fedha zetu kutoka mfuko uliotengwa, hata kama ni kwa kiwango cha chini kuliko alichokuwa akitoa mfadhili. Chenye mwisho, kama mafunzo ya ushahidi, maabara, mitambo ya mawasiliano na sensa za angani, kiombewe nje bila aibu, kwa sababu soko lililowaua tembo lilikuwa nje. Na dirisha la malalamiko dhidi ya askari, lililo huru na jeshi la uhifadhi lenyewe, liwe sharti kwa fedha zote, za ndani na za nje.

Wizara ya Maliasili itakaposoma bajeti yake bungeni, ningependa mbunge wa Manyoni au wa Chemba asimame na kudai tarakimu mbili tu: ni madai mangapi ya kifuta jasho hayajalipwa na ni ya mwaka gani, na ni lita ngapi za dizeli zilizofika Rungwa kila robo ya mwaka uliopita.