Risasi Isiyokusudiwa na Imani kwa Askari Mwenye Bastola

Askari akifyatua risasi bila kukusudia, taarifa ya kwanza ya jeshi la polisi huwa fupi: silaha ilifyatuka kwa bahati mbaya, uchunguzi unaendelea. Mtaani nako jibu huwa fupi vilevile: wanalindana hao. Kila upande unaamini kwamba mwingine anasema uongo, na mara nyingi pande zote mbili zina sehemu ya ukweli.

Tuanze na bastola yenyewe. Bastola ya kisasa ya polisi imewekewa vizuizi ndani vinavyoizuia pini isigonge risasi mpaka triga ivutwe. Kwa hiyo askari anaposema "imejifyatua yenyewe", kwa kawaida kuna kitu kimevuta triga bila yeye kutambua: kidole, pindo la shati, kamba ya jaketi iliyoingia kwenye ala. Nasema kwa kawaida, kwa sababu silaha nayo huweza kuwa na kasoro. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitoa marekebisho ya bure kwa bastola yake ya P320 baada ya kuonekana kwamba ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Tangu hapo askari kadhaa Marekani wamefungua kesi wakidai iliwapiga ikiwa ndani ya ala. Kampuni inakanusha kwamba bastola hufyatuka bila triga kuguswa. Anayecheka kila askari anayetaja kasoro ya silaha anacheka mapema mno.

Hata hivyo, kidole ndicho kinachobeba lawama nyingi, na si kwa uzembe pekee. Mtu akijikwaa, akishtuka, au akikaza mkono mmoja kumshika mtuhumiwa, vidole vya mkono wa pili hukaza pia. Ndiyo maana mafunzo yote husisitiza kidole kikae nje ya kikingio cha triga mpaka uamuzi wa kupiga uwe umefikiwa. Watafiti wa Ujerumani waliowapima askari kwa bastola zenye vihisio waligundua kwamba baadhi yao waliigusa triga bila kujijua, ingawa walikuwa wameagizwa wasiiguse.

Halafu kuna saa ambayo wananchi hawaioni: mwisho wa zamu. Askari amechoka, anaondoa risasi ili akabidhi au asafishe silaha. Anachomoa magazini na kuamini kazi imekwisha, kumbe risasi moja imebaki chemba, yaani nyuma ya mtutu, tayari kupigwa. Bastola za Glock, ambazo zimeenea sana kwa polisi duniani, haziwezi kufunguliwa kwa ajili ya kusafishwa bila kwanza kuvuta triga. Kosa la kuruka hatua moja tu linaacha tundu ukutani, au pajani mwa mwenzake.

Je, vifaa bora vingetatua hili? Hapo ndipo ninapoona hoja za pande zote zikigongana vizuri. Idara ya Sherifu wa Kaunti ya Los Angeles iliacha bastola ya Beretta, yenye sefti ya nje (kitufe cha kuifunga isipige) na triga nzito kwa risasi ya kwanza, ikachukua ya Smith & Wesson isiyo na sefti hiyo. Sababu zilikuwa za maana: bastola mpya ilikuwa rahisi kwa wenye mikono midogo na alama za shabaha zilipanda. Lakini risasi zisizokusudiwa zilipanda pia, kutoka 12 mwaka 2012 hadi 30 mwaka 2014. Baadhi zilitokea pale askari alipotaka kuwasha tochi iliyofungwa chini ya mtutu, akaikamata triga badala ya swichi. Kifaa kilichoongezwa kwa ajili ya usalama kikawa mlango wa hatari.

Polisi wa New York walikuwa wamechagua njia ya kinyume: triga nzito ya pauni 12, yaani zaidi ya kilo 5, wakati ya kawaida ni karibu nusu ya hiyo. Wakosoaji husema triga kama hiyo inayumbisha shabaha. Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walimpiga muuaji aliyewaelekezea bastola katikati ya watembea kwa miguu; wapita njia 9 walijeruhiwa, wote na risasi za polisi au vipande vyake. Siwezi kuitupia triga lawama yote. Walikuwa na sekunde chache mbele ya mtu mwenye silaha. Na miaka miwili baadaye, kwenye ngazi zenye giza za jengo la makazi Brooklyn, triga hiyohiyo nzito haikumzuia askari mgeni kazini kufyatua risasi. Iligonga ukuta, ikadunda, ikamuua kijana aliyekuwa akishuka ngazi chini yake bila kosa lolote.

Wapo wanaohitimisha kwamba dawa ni kupunguza bastola zenyewe. Wana ushahidi. Uingereza na Wales zina polisi zaidi ya 140,000, lakini takriban 6,000 tu ndio walioidhinishwa kubeba silaha za moto. Norway kwa miaka mingi ilifunga bastola ndani ya magari ya doria. Ilipowavalisha askari silaha kuanzia Novemba 2014 hadi mapema 2016 kwa hofu ya ugaidi, risasi zilizotoka kwa bahati mbaya zikawa hoja kubwa ya wapinzani, na kamati ya mwaka 2017 ikashauri wasibebe silaha kila siku. Hesabu ni nyepesi: bastola iliyofungiwa haifyatuki mtu akijikwaa.

Lakini Norway hiyohiyo ndiyo inayonizuia kuunga mkono hoja hii moja kwa moja. Tarehe 22 Julai 2011, mtu mwenye silaha aliposhambulia kambi ya vijana kwenye kisiwa cha Utøya, miongoni mwa waliouawa kwanza alikuwa askari aliyekuwa huko nje ya zamu, bila silaha. Mauaji yaliendelea kwa zaidi ya saa moja na watu 69 wakafa. Linganisha na London, Juni 2017, ambako askari wenye bunduki waliwaangusha washambuliaji watatu ndani ya dakika 8 tangu simu ya kwanza. Nani angetaka wachelewe?

Tukio hilo la London lina upande mwingine usiokumbukwa sana. Askari 8 walipiga risasi zaidi ya 40, na moja ikampata raia kichwani. Alinusurika. Siku iliyofuata mkuu wa operesheni alisimama mbele ya waandishi akayataja yote mawili mwenyewe: wingi wa risasi na raia aliyejeruhiwa. Tukio likapelekwa kwa chombo huru cha uchunguzi. Sikumbuki hasira yoyote kubwa iliyofuata, na sidhani ni kwa sababu Waingereza ni wapole.

Sasa rudi Brooklyn. Kilichowachoma watu mahakamani hakikuwa risasi peke yake. Kilikuwa ushahidi kwamba askari wale wawili walibishana nani aripoti, mfyatuaji akihofia kazi yake, na msaada wa kwanza kwa majeruhi haukutoka kwao. Mfyatuaji alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2016. Hakimu akapunguza kosa, akampa miaka 5 ya uangalizi na saa 800 za kazi ya jamii. Wengine waliona ametolewa kafara, wengine wakaona ameachiwa.

Hofu yake ya kufukuzwa ndiyo kiini cha jambo. Tukiadhibu kila risasi isiyokusudiwa kama jinai, askari watajifunza kuficha zile zisizomjeruhi mtu, zile za ukutani na za sakafuni, ambazo ndizo zingetuonya mapema. Tusipoadhibu yoyote, raia atakuwa na haki ya kusema bahati mbaya imekuwa kichaka. Mwaka 2021 askari wa Minnesota mwenye uzoefu wa miaka 26 alichomoa bastola akidhani ni kifaa cha kumlemaza mtu kwa umeme, akaua. Mkuu wake alisema haraka kwamba ilikuwa bahati mbaya. Baraza la mahakama, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, lilikubali kwamba hakukusudia, na bado likamkuta na hatia, kwa sababu uzembe mkubwa una uzito wake kisheria.

Ningetenganisha mambo mawili. Aliyefyatua, hakumuumiza mtu na akaripoti papo hapo, apokonywe silaha kwa muda, arudi darasani, apimwe upya. Aliyeficha, hata kama risasi iliingia kwenye dari, aondoke kazini. Na idadi ya matukio itangazwe kila mwaka, pamoja na aina ya silaha na mahali: ngazi, gari, chumba cha silaha. Makamanda husema takwimu hizo zitawapa maadui silaha ya maneno. Huenda. Lakini hatari ya tochi za Los Angeles isingejulikana kama hakuna aliyehesabu.